Pale Wachezaji Wanapopeana Mikono

Zahra,

Shuleni Tanga tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi sijambo, hofu ni kwako uliye mbali. Nimeanza hivyo mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi, maana ni uongo. Wewe hujambo. Mabegi yako mawili yamesimama mlangoni, umeshayapima kwenye mizani ya bafuni, na saa hizi uko North York kwa rafiki zako mnakula biriani ya kuagana. Kesho jioni unapanda ndege kwenda Uingereza kwa miaka miwili. Hofu iko huku kwangu, mimi ninayebaki na ghorofa ya kumi na nne na lifti inayofanya kazi ikipenda.

Sitakuandikia habari ya koti, wala ya kula, wala ya kuangalia upande gani ukivuka barabara. Una miaka ishirini na mbili na akili zako timamu. Habari ya simu ndiyo sitaigusa kabisa. Umesikia maoni yangu juu ya simu kuliko mteja yeyote aliyewahi kuegemea kibanda changu pale plaza: kwamba simu ya vitufe ndiyo ilikuwa simu, hizi za kioo ni sahani za kuvunjika; kwamba mtu anayebadilisha simu kila mwaka ana lake jambo; kwamba wenye kusema kava halina maana ndio hao hao wanaorudi wiki inayofuata na kioo kimepasuka. Yote unayajua kwa moyo. Hata ukiniigiza mbele ya wenzako unanipatia kweli, nimeshakusikia.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mjomba wako Shabir, kaka yangu, ambaye keshokutwa asubuhi atakuwa amesimama uwanja wa ndege anakungoja. Wiki tatu sasa tunazungukana humu ndani, mimi na wewe, kila mmoja anaosha kikombe chake. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua: nikianza kusema, nitaanza kujitetea. Kwenye karatasi nitajikaza.

Na ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Tangu utotoni ulikuwa unanisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo hili. Halafu miaka hii miwili ukageuka. Siku moja nilikuuliza kama umekula, ukaniambia, "Ebo, mama, si nimekula tangu saa saba," na mkono ukaunyanyua vile vile wanavyonyanyua watu wa Ngamiani kwetu Tanga. Nikavimba kichwa. Nikawaambia wanawake wenzangu msikitini kwamba mtoto harudishwi kwa fimbo, anarudishwa kwa subira, nikimaanisha subira yangu mimi. Wakanisifu. Kumbe mwalimu wako alikuwa mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimempiga marufuku hata kutajwa jina humu ndani.

Nianze nyumbani kwa babu yako, maana bila hapo hutaelewa.

Babu yako alikuwa na redio ya mbao, imefunikwa kitambaa alichokidarizi bibi yako, na jioni alifungulia idhaa ya London. Wazee walizungumza Kikachi, lugha waliyotoka nayo India. Sisi watoto tulizungumza Kiswahili sisi kwa sisi, ndani na nje. Sasa kila Jumamosi, taarifa ya habari ikiisha, kabla chakula hakijaguswa, babu alitugawia pande. Shabir, wewe leo serikali. Fatu, wewe upinzani. Haya, bishaneni. Tukabishana juu ya bunge la Waingereza, nchi ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Nilikuwa na miaka minane, nimesimama kwenye mkeka naeleza kwa nini wachimba makaa wana haki ya kugoma, wala makaa ya mawe yenyewe sijawahi kuyatia machoni. Shabir alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka saba, tena ana sauti nzito, na mara nyingi alinishinda. Aliyeshindwa aliosha sinia.

Lakini palikuwa na sheria moja. Hakuna aliyetia mkono kwenye chakula kabla hajampa mkono mwenzake. Hata kama umeitwa mjinga. Hata kama machozi yanakutoka. Mkono wa Shabir siku zote ulikuwa na jasho, naye alinibinya vidole makusudi, nami nilimfinya kwa mkono wa pili babu asione. Tukishapeana, tunakula. Wenzangu shuleni walikuwa na kaka wanaowanunulia peremende. Mimi wangu alinibishia, na ndivyo nilivyojua kwamba ananipenda.

Shabir alitangulia kwenda Leicester. Mimi nikaja huku baadaye na baba yako. Baba yako alipohamia Calgary kuanza maisha yake mengine ulikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa simjui mtu Scarborough nzima zaidi ya dereva wa basi. Iliyonizuia nisianguke ilikuwa sauti ya Shabir ndani ya kadi za simu. Unazikumbuka zile kadi? Ulikuwa unapenda kuzikwaruza kwa sarafu, ukazipanga dirishani. Kila Jumamosi nilimpigia, au yeye alinipigia. Hakuniuliza ninaendeleaje, si mtu wa hivyo. Aliniuliza, "Umesikia alichosema waziri mkuu wetu?" Hapo nikajua ananiuliza ninaendeleaje.

Vita vya Iraki, yeye serikali, mimi upinzani. Vyama viwili vilipoungana kutawala nikaiita ndoa ya mkeka, akacheka mpaka dakika zikaisha. Uskoti ilipotaka kujitenga alikuwa na wasiwasi kama mtu anayeachwa na mke. Na si siasa tu. Aliponunua simu yake ya kwanza ya kioo nilimwambia amenunua kioo cha kujitazamia mvi. Yeye akasema kibanda changu kitafungwa, kwamba siku zijazo simu zitajitengeneza zenyewe. Gemu alizichukia kuliko mimi. Alisema ni kazi ya watu wasio na duka la kufungua asubuhi. Nikamwambia hapo tumekubaliana, akakasirika, akabadilisha upande.

Kwenye simu hakuna mkono wa kupeana. Hatukulifikiria hilo. Lakini kadi ilikuwa inaisha, Zahra. Kadi ikiisha mnakatwa wote wawili katikati ya neno, hakuna wa kulaumiwa, na Jumamosi ijayo mnaanza upya. Mtandao ulipokuja ukatupa maongezi yasiyoisha, na mimi nikaufurahia kama wajinga wenzangu. Hatukuwa tena na kitu cha kutukata.

Ikaja kura yao ile ya kutoka Ulaya. Mwaka ule ule timu ya mpira ya mji wake ilikuwa imechukua ubingwa ambao hakuna aliyeutegemea, na Shabir alikuwa anatembea juu juu, anaona kila kitu kinawezekana. Akaniambia atapiga kura ya kutoka. Nikadhani ananichokoza. Akasema, "Sisi tulipanga foleni, Fatu. Tulipigwa mihuri, tulingoja. Hawa wanaingia kama wanaingia jikoni kwao, na mtoto wa dada yetu wa Tanga ananyimwa viza hata ya kuja harusini." Nikamwambia, "Wewe uliyefika na sanduku moja limefungwa kamba, leo umegeuka bawabu?"

Lile neno bawabu lilimchoma. Akaniambia, "Wewe huna kura hapa. Kaa na theluji yako." Tukakata simu.

Matokeo yakatoka, upande wake ukashinda, nikangoja anipigie kujisifu. Hakupiga. Baada ya siku chache akaniletea ujumbe wa sauti. Nilikuwa kibandani, mbele yangu mteja ana kioo kilichopasuka, ana haraka. Ujumbe ulikuwa wa dakika nne na ushei. Nikausikiliza dakika ya kwanza. Foleni. Mihuri. Tulingoja. Nikasema nayajua haya, nimeshayasikia. Nikautuma vile vile ulivyo kwenye grupu la ukoo, lile lenye watu zaidi ya themanini, Tanga, Dar, Dubai, Leicester, huku. Nikaandika juu yake: Msikilizeni bawabu wa Malkia. Kisha nikabadilisha kioo cha yule mteja.

Nilipoishika simu tena, nyuso za kucheka zilikuwa zimejaa. Nikacheka nami. Baadaye kidogo vicheko vikapungua, kisha vikakoma kabisa, na mimi sikujiuliza kwa nini. Shangazi mmoja wa Dar akaniandikia pembeni, "Fatu, ulisikiliza wewe mwenyewe?" Nikamjibu, "Nimesikiliza sana." Jioni kwenye basi nikaona mstari mdogo wa kijivu kwenye grupu: Shabir ameondoka.

Nikasema amenuna, atarudi. Nilipompigia, hakupokea. Nikampigia mara ya pili, kimya. Mara ya tatu sikupiga, nikasema na mimi nina heshima yangu. Na nyumbani nikakuambia wewe, kama hakimu, kwamba jina lake lisitajwe tena. Ulikuwa unakula nafaka zako asubuhi. Uliinua macho ukanitazama, ukarudi kwenye bakuli.

Sasa ile Jumamosi ya umeme, unaijua upande wako. Nikuambie upande wangu.

Umeme ulikatika plaza nzima tukaambiwa twende nyumbani. Nikafika saa saba na nusu, saa ambayo kwa kawaida niko kazini. Nafungua mlango, naona umekaa kwenye zulia, rimoti mkononi, na kwenye televisheni wanaume wadogo wanakimbiza mpira. Na kutoka kwenye televisheni hiyo hiyo sauti ya mwanamume mtu mzima, kwa Kiingereza cha kule, anakuambia piga, piga, mpenzi, na anacheka. Uliponiona ukashtuka, ukatafuta mahali pa kuizimia. Mama yeyote angefikiri nilichofikiri. Kila siku kibandani wazazi wananieleza visa vya watoto wao na watu wa kwenye intaneti, watu wazima wanaojifanya wacheza gemu.

Nilikunyang'anya kile cha masikioni, nikakivuta kile kijiti cha sauti mpaka mdomoni, nikamkaripia. Kwa Kiingereza changu cha kibandani, kile cha kuwafukuzia wezi wa kava. Nilimwita mzee mchafu. Nilimwambia ninajua anakopatikana na polisi watamgongea. Nilisikia anapumua, kisha hakuwepo. Wewe ulisema, "Mama, hujui." Nikasema, "Najua sana." Jumatatu mashine ile nikaiweka kibandani, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaiuza kwa mtu wa kwanza aliyeiulizia.

Hukulia. Hukunieleza. Ulikwenda kufanya kazi pale kwenye duka la kahawa, ukanunua nyingine, ukaiweka kwa rafiki yako. Mimi nikajisifu kwamba nimekuokoa.

Mpaka wiki tatu zilizopita, viza yako imetoka, ile kampuni inayotengeneza gemu imekuthibitishia kazi, nami nikakuuliza pale jikoni, "Sasa utakaa wapi huko?" Ukasema, "Kwa Mjomba." Nikakuuliza nani amekuambia atakupokea. Ukaweka sahani chini polepole, ukasema, kwa Kiswahili, neno kwa neno, "Mama, yule mzee mchafu alikuwa Mjomba Shabir. Tumezungumza kila Jumamosi tangu alipoondoka kwenye grupu. Mimi ndiye niliyemwambia anunue mashine tucheze, baada ya kulifunga duka lake."

Sikukuamini. Nilikuambia sauti ya kaka yangu ningeijua hata akiongea chini ya blanketi. Kisha nikavuta kiti nikakaa. Maisha yangu yote, Zahra, sijawahi kumsikia Shabir akisema Kiingereza. Aseme nami Kiingereza kwa nini? Kiingereza alikisema dukani, benki, kwa majirani. Miaka thelathini na zaidi ana sauti nyingine nzima, ina vicheko vyake na maneno yake, hata lile "mpenzi" ambalo kule humwita kila mtu, na mimi ndugu yake siijui. Ukaniambia mlikuwa mnazungumza Kiswahili mkipumzika, na Kiingereza kikimtoka mpira ukikaribia goli. Nami nilifungua mlango mpira ukiwa umekaribia goli.

Nikakuuliza, "Alisema nini baada ya kunisikia?" Hukutaka kusema. Nikakulazimisha.

"Alisema, angalau nimeisikia sauti yake."

Kesho yake kibandani niliteremsha shata la chuma nusu, nikafungua droo ya simu zangu za zamani. Ile ya mwaka ule ilikuwa imekufa chaji, waya wake ni wa kizamani, nikautafuta kwenye boksi la takataka za waya mpaka nikaupata. Ikachukua muda kuwaka. Ujumbe wake ulikuwa bado upo. Nikasikiliza dakika ya kwanza, foleni na mihuri. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikasikiliza zilizobaki.

Alisema duka linakufa, limebaki mikate na magazeti. Alisema juzi yake asubuhi alikuja kijana mmoja ambaye yeye Shabir amemuuzia peremende tangu akiwa mtoto wa kunyanyuliwa juu ya kaunta, akasimama mlangoni, akamuuliza, "Sasa unarudi kwenu lini?" Yule kijana hakuwa na hasira, alikuwa anatabasamu. Shabir akasema naye alitabasamu, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Hakumwambia mkewe. Kwenye ujumbe kuna friji inanguruma nyuma. Kisha akasema: "Nimekosea, Fatu. Ulisema kweli. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia nimekosea na nisife. Isitoke hapo."

Watu themanini waliyasikia maneno hayo kabla yangu. Mimi ndiye niliyewapelekea.

Sina maneno ya kulipamba jambo hili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nililia pale chini ya kaunta, kati ya maboksi ya kava, mteja akagonga shata kwa sarafu nikamwambia nimefunga.

Nataka ujue jambo moja linalonitesa zaidi ya yote. Nilikuwa sahihi. Juu ya kura ile nilikuwa sahihi, mpaka leo, na usinibishie. Nawatazama kila siku kwenye simu wanavyozomeana bungeni kwao, hawajui watoke kwa mlango gani. Miaka miwili na nusu niliulinda usahihi wangu kama mlinzi wa benki. Nilikula nao chakula cha jioni. Na usahihi huo haukunipigia simu hata Jumamosi moja. Ulipokuwa kazini au darasani nilikuwa nawasha televisheni na redio kwa pamoja nisisikie friji. Wateja wakawa wananikimbia, maana mtu anakuja kununua kadi ya simu namshika dakika ishirini na habari za mkataba wa Waingereza wa kutoka Ulaya. Nilikuwa nabishana na watu wasionijua, wala wasionipinga. Wananiitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama, wachukue chenji yao waondoke. Hakuna upweke mbaya kama wa kuitikiwa, mwanangu. Hakuna aliyebaki Toronto hii anayeniita Fatu. Kwa wewe ni Mama, kwa msikitini ni Mama Zahra, kwenye beji ya kibandani ni jina refu la kwenye cheti.

Na wewe nilikukosea pale pale. Nilikupa chaguo la kijinga, mama au mjomba, kwa sababu ya kura ambayo hata mimi mwenyewe sina. Ukaamua kutuchagua wote wawili na kunyamaza. Umri ule mimi nisingeweza. Naona aibu, na naona fahari, na vyote viwili vimekaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Sasa nikuambie kilichotokea leo, maana ukirudi utaona macho yangu utaniuliza.

Juzi uliirudisha mashine yako ya pili humu ndani, ukaiunganisha na televisheni, ukasema, "Mama, hii nakuachia. Mjomba anayo yake." Ukabandika karatasi ukutani, kwa Kiswahili, herufi kubwa kama za mtoto. Washa hapa. Chagua jina hili. Kimbia kwa hiki, piga kwa hiki. Na chini kabisa: Wachezaji wanapopeana mikono, bonyeza cha kijani uruke sehemu hiyo, inachosha. Lazima wote wawili mbonyeze ndipo irukwe. Nikakuambia mimi si mtu wa gemu, uitoe karatasi yako ukutani. Hukuitoa.

Leo Jumamosi mchana wewe umeshatoka. Mimi nilifunga kibanda mapema, nikasema kichwa kinaniuma. Saa saba nilikuwa nimekaa kwenye zulia pale unapokaa wewe, nimevaa kile cha masikioni, kijiti kiko mdomoni. Nikawasha. Jina lake likatokea, na nukta ya kijani pembeni yake.

Akaanza kuzungumza kabla sijajua niguse nini. Kwa Kiswahili. Hiyo sauti niliijua. "Zahra, mabegi tayari? Chumba chako nimekipaka rangi, ila dirisha linakwama, usinicheke." Sikujibu. Akadhani mitambo, akaendelea tu, akaanzisha mechi. Wachezaji wakatoka, wakajipanga mistari miwili, wakaanza kupita mmoja mmoja wakipeana mikono.

Kitufe cha kijani kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukibonyeza.

"Bonyeza basi, mama," akaniambia, akidhani anazungumza nawe. Wachezaji wanaendelea, mkono kwa mkono, wa mwisho wa kwake na wa mwisho wa kwangu. Mstari ukaisha. Ndipo nikamsikia, taratibu, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto:

"Fatu?"

Nimeuza maneno kibandani pale miaka kumi na tano. Leo nilitafuta moja sikulipata. Filimbi ikapigwa, mpira ukawa miguuni mwangu, mchezaji wangu akatembea nao mpaka kwenye kona akasimama akitazama watazamaji. Hakuja kuninyang'anya. Wachezaji wake wote kumi na mmoja walisimama pale pale walipoanzia. Saa ya mchezo inakwenda, hakuna anayegusa kitu. Nyuma yake nilisikia birika linapiga mluzi, na sauti ya mkewe, na mlango unafungwa.

Baada ya muda mrefu akasema, "Umesikia walivyoubwaga mkataba bungeni?"

Alikuwa ananiuliza ninaendeleaje.

Nilifungua mdomo kikatoka kilio tu, na kijiti kilikuwa pale pale, kwa hiyo alisikia chote. Hakunikataza. Alikaa nami mpaka mechi ikaisha, sifuri kwa sifuri. Kisha akasema, "Haya. Jumamosi." Kwenye skrini ukatokea mstari kwamba mwenzangu ameondoka. Neno lile lile la siku ile kwenye basi. Lakini safari hii alikuwa ameniachia siku.

Kwa hiyo usinibebee msamaha kwenye begi lako. Utakuja kumwona amekonda, utataka kumwambia mama analia, mama anajuta. Usimwambie. Huo mzigo ni wangu, na mara hii nitauwasilisha mwenyewe mpaka sekunde ya mwisho. Wala usiogope kuniacha. Nitaogopa mimi kwa niaba yetu wote wawili, nina nafasi. Jumatatu nitarudi kibandani kuwaambia watu wanunue kava. Jioni nitafungua mlango nitasema, "Umekula?" na hakuna atakayeninyanyulia mkono. Hilo nimeshalihesabu, nitaliishi.

Nilisema sitakupa maagizo. Ninalo moja.

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni ya kwenu, utakuwa umekaa kwenye kochi pamoja naye, nami huku kwenye zulia. Najua atakupa wewe rimoti kwanza, atajidai vidole vinamuuma, maana ni mwoga kama mimi. Wachezaji watatoka, watajipanga, wataanza kupeana mikono. Ukiwa umeishika wewe, mwanangu, usibonyeze kitu.

Mama